Projekta ya Bei Nafuu na Amana ya Muuzaji

Projekta yetu ya nyumbani ilitufaa miezi 8 tu. Kisha doa la manjano likatanda katikati ya picha. Tulizoea kuiweka juu ya zulia: vumbi likaziba feni, na joto la taa likaunguza kioo chembamba cha ndani kinachounda picha.

Jirani alipotaka kuinunua, nafsi ilinishawishi nimwonyeshe mchana, madirisha yakiwa wazi, doa lisidhihirike. Nikakumbuka kuwa kuficha kasoro ya bidhaa ni haramu. Nikamwonyesha gizani. Akanilipa nusu ya bei tuliyotarajia, nami nikalala kwa utulivu.

Ndugu msomaji, iweke mezani, futa vumbi matunduni kila wiki. Ukiiuza, taja kasoro yake kabla ya bei.