Jenga nyumba, lakini usile mtaji

Pembezoni mwa miji mingi ya Tanzania, kuanzia Chanika jijini Dar es Salaam na Kihonda mjini Morogoro hadi Mbalizi mkoani Mbeya, kuna kitu kimoja ambacho hakikosekani: maboma yasiyo na paa. Kuta zimefika kwenye lenta, nondo zimechomoza juu zikiwa na kutu, na ndani ambako kulitakiwa kuwa sebule umeota mpapai. Wenye maboma hayo hawajafa wala hawajahama. Wengi wao ni wakulima na wafanyabiashara wadogo walioishiwa fedha njiani.

Kila boma lina historia yake, lakini nyingi zinafanana. Mtu alivuna vizuri au biashara ilimchangamkia msimu mmoja. Akachota fedha zote akaanza nyumba ya vyumba 4. Msimu uliofuata hakuwa na fedha za mbegu na mbolea, au rafu za duka zilibaki tupu. Ujenzi ukasimama, na kipato kilichokuwa kiumalizie nacho kikasimama.

Kujenga kidogo kidogo kwa fedha taslimu si kosa. Kwa Watanzania wengi haijawahi kuwapo njia nyingine. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa miaka ya 1970, ilifungwa mwaka 1995. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC ili kuziwezesha benki kukopesha kwa muda mrefu. Hata hivyo, benki hutaka hati ya kiwanja na kipato chenye vielelezo, na hapo ndipo muuza nafaka na mkulima wa jembe la mkono wengi wanapokwamia. Kosa liko kwenye mpangilio: fedha ipi iingie kwenye nyumba, lini, na kwa hatua gani.

Faida ijenge, mtaji ubaki kazini

Mfano ufuatao unaonyesha tofauti. Mfanyabiashara wa mahindi ana mtaji wa Sh milioni 6. Hununua wakati wa mavuno, huhifadhi, kisha huuza bei inapopanda, na kwa mwaka hubakiwa na faida ya Sh milioni 2. Familia yake hutumia Sh 800,000 ya faida hiyo kwa ada na mahitaji mengine. Zinabaki Sh milioni 1.2.

Akiamua kuchota Sh milioni 4 kutoka kwenye mtaji ili asimamishe kuta kwa mkupuo, atabakiwa na Sh milioni 2 za kufanyia biashara. Kwa kiwango kilekile cha faida, mwaka huo atapata takriban Sh 667,000. Familia bado inahitaji Sh 800,000. Pengo la Sh 133,000 litajazwa kwa kumega mtaji uliobaki, na mwaka unaofuata pengo litakuwa kubwa zaidi. Chovyachovya humaliza buyu la asali. Kuta atakuwa nazo, ila fedha za bati hazitaonekana.

Akiuacha mtaji wote kazini na kujengea faida pekee, kila mwaka ataingiza Sh milioni 1.2 kwenye ujenzi. Baada ya miaka 5 atakuwa ameweka Sh milioni 6 kwenye nyumba, na Sh milioni 6 za biashara bado zipo. Ni mwendo wa kinyonga, lakini unafika.

Mkulima naye ana mtaji wake, ingawa haukai kwenye droo. Ni mbegu, mbolea, vibarua wa palizi na magunia ya chakula cha familia hadi mavuno yajayo. Hivyo vyote vitengwe kwanza. Kinachobaki ndicho cha nyumba. Kuuza mahindi yote mwezi Julai, bei ikiwa chini, ili kununua saruji, ni kumlipa mwenye duka la vifaa mara mbili: kwa fedha na kwa bei ambayo mkulima angeipata kama angesubiri.

Kiwanja kabla ya tofali

Hasara kubwa kuliko zote ni kujenga mahali ambapo nyumba haitaruhusiwa kubaki. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ikipimwa kutoka katikati ya barabara, na zipo sehemu zenye hifadhi pana zaidi ya hapo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Waliokumbwa na mafuriko ya bonde la Msimbazi Desemba 2011, ambao baadhi yao walihamishiwa Mabwepande, wanajua bei ya kiwanja cha bondeni.

Kabla ya kulipa, mnunuzi apime mwenyewe kwa kamba. Afike kwa majirani wa pande zote 4, awaulize mipaka na kama kuna kesi. Aende ofisi ya ardhi ya halmashauri kuuliza kama eneo limepimwa na limepangiwa matumizi gani. Kijijini, ardhi inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, hivyo mgeni asimalizane na muuzaji chini ya mwembe wakiwa wawili tu. Muuzaji mwenye mke au mume naye alete ridhaa ya mwenzake kwa maandishi. Mauziano mengi yamevunjika baada ya mke kusema hakushirikishwa.

Aina ya udongo nayo ni fedha. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka, na nyumba iliyo juu yake hupasuka nao. Kiwanja cha bei rahisi chenye udongo huo kinaweza kudai msingi wa gharama kubwa kuliko tofauti ya bei iliyomvutia mnunuzi.

Hesabu ya matofali haidanganyi

Uamuzi unaoumiza wengi ni ukubwa wa nyumba. Tofali la saruji la inchi 6 lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, na ukuta wa mita 1 ya mraba hutumia matofali kama 10. Kwa kipimo hicho mtu anaweza kupiga hesabu mwenyewe.

Nyumba ya mita 6 kwa 8, yenye kuta za nje za mita 28 na za ndani za mita 16, ina jumla ya mita 44 za ukuta. Zikipanda mita 2.7 na kutoa nafasi za milango na madirisha, zinabaki mita za mraba kama 104, yaani matofali 1,040. Msingi wa kozi 4 huongeza matofali kama 400. Ukijumlisha yatakayovunjika, hesabu inafika 1,500. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa matofali 30, hiyo ni mifuko 50.

Nyumba ya mita 10 kwa 14, ambayo kuta zake zote zinafika mita 95 hivi, itakula matofali zaidi ya 3,000. Mshtuko mkubwa uko juu: eneo la kuezeka linapanda kutoka mita za mraba 48 hadi 140, karibu mara 3, kabla ya kuhesabu ukingo wa paa. Mbao, misumari na bati vyote hupanda hivyohivyo. Paa lenye kona nyingi huongeza mbao na vipande vya bati vinavyotupwa. Ndiyo sababu maboma mengi yamefia kwenye lenta: mwenye nyumba alipiga hesabu ya kuta, hakupiga ya paa.

Njia inayowafaa wenye kipato cha msimu ni kuchora nyumba nzima mapema na kuombea kibali cha ujenzi inapotakiwa, lakini kujenga kipande kinachoweza kukaliwa kwanza. Kinaweza kuwa vyumba 2 na choo vya uani, au upande mmoja wa nyumba kubwa, ukiachiwa meno ya kuunganishia ukuta baadaye. Kipande hicho kifike hadi kwenye bati, mlango na sakafu kabla kingine hakijachimbwa. Familia inayolipa kodi ya Sh 50,000 kwa mwezi, siku ikihamia itakuwa imeokoa Sh 600,000 kwa mwaka, na fedha hizo zitajenga kinachofuata. Mwenye kiwanja cha barabarani anaweza kuanza na fremu moja ya duka, akaacha kulipa pango la biashara.

Kununua kwa kalenda

Kwa kuwa bei hupanda, wengi hukimbilia kununua vifaa mapema. Vipo vinavyovumilia kungoja na vipo visivyovumilia. Mawe, kokoto na matofali yaliyokomaa havina haraka. Saruji haingoji: ikikaa zaidi ya miezi 3 hupoteza nguvu, na ikiwekwa sakafuni au ikipata unyevu huganda. Inunuliwe ya kazi ya wiki hiyo. Bati linaweza kuwekwa, lakini mahali pakavu, maana bati zilizopangana zikiingiwa na maji hufanya madoa meupe na kuanza kuharibika kabla hazijapanda juu.

Katika kununua bati, wengi hudanganyika na namba. Geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni jembamba zaidi. Anayeuziwa 32 kwa maelezo kuwa ni kubwa kuliko 28 anaibiwa mchana.

Mikoa kama Mbeya, Iringa, Ruvuma na Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, na kiangazi chake huanza wakati mazao yanaingia ghalani. Huo ndio wakati wa kufyatua matofali na kuchimba msingi. Mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hupata fedha kuanzia Oktoba, mvua zikiwa karibu kuanza. Kwake ni busara kununua bati na mbao akaziweka, kisha aanze msingi mvua zikikatika. Fedha zilizogeuzwa kuwa bati si rahisi kuliwa kwenye harusi.

Matofali ya saruji yamwagiwe maji kila siku kwa siku zisizopungua 7, yakiwa kivulini. Tofali lililokaushwa juani siku 2 na kuuzwa linavunjika mkononi. Anayenunua adondoshe moja kutoka usawa wa kiuno kabla ya kulipa.

Fundi na daftari

Makubaliano na fundi yawe kwa maandishi na malipo yawe kwa hatua: msingi na jamvi, kuta hadi lenta, kupaua, kisha lipu na sakafu. Kila hatua ilipwe ikikamilika, na sehemu ibakizwe hadi kazi ikaguliwe. Fundi anayelipwa yote mwanzoni hupata kazi nyingine haraka. Anayecheleweshewa ujira wake naye hupunguza saruji kwenye mchanganyiko ili amalize aondoke. Haki iwe pande zote.

Mwenye nyumba awe na daftari la vifaa: mifuko iliyoingia, iliyotumika na iliyobaki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tripu ya mchanga ihesabiwe lori likiwa limesimama kwenye kiwanja, si kwa maneno ya dereva kwenye simu.

Mkopo wa biashara hauna nyumba

Taasisi nyingi hutoa mikopo ya miezi 6 hadi 12 kwa wafanyabiashara wadogo. Kuuingiza mkopo huo kwenye ujenzi ni hatari. Mfano: Sh milioni 3 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye deni la mwanzo, ni riba ya Sh 90,000 kila mwezi, hata pale nusu ya deni inapokuwa imekwisha kulipwa. Marejesho ni Sh 340,000 kwa mwezi, na mwisho wa mwaka riba peke yake ni Sh 1,080,000. Mzigo wa duka ungezunguka mara kadhaa na kulipa marejesho hayo. Ukuta hauzunguki.

Anayelazimika kukopa afadhali akope kwenye chama chake cha akiba na mikopo, kwa ajili ya hatua moja inayomhamisha kutoka kwenye nyumba ya kupanga, kama vile kupaua. Mkopo wa kuanzia msingi humwacha mtu na deni pamoja na kodi ya nyumba kwa wakati mmoja. Nyumba ya familia ikiwekwa rehani, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi, na ni vema mazungumzo hayo yafanyike nyumbani kabla ya kufika kwa afisa mikopo.

Jirani atacheka vyumba 2 vya uani. Lakini masika ikifika, mwenye vyumba hivyo atalala pakavu, na asubuhi atafungua duka lenye mzigo.