Jezi moja, majina matatu: Mfanyabiashara ajue anachonunua

MFANYABIASHARA mdogo wa Puge, wilayani Nzega, anayetaka kuuza jezi za Simba na Yanga wakati wakulima wameshauza mazao, hana budi kujua kwamba jezi moja hubeba majina ya watu tofauti. Asipojua kazi ya kila mmoja, mtaji unaweza kukwama dukani.

Jina kubwa la kifuani ni la mdhamini. Huyu hashoni nguo. Analipa klabu ili jina lake lionekane. Mwaka 2022, kampuni ya kubashiri ya M-Bet ilisaini na Simba mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya Sh26.1 bilioni. Mwaka huo huo, SportPesa ilisaini na Yanga mkataba wa miaka mitatu wa zaidi ya Sh12 bilioni.

Wa pili ni mwenye haki ya kutengenezesha na kusambaza jezi. Yanga iliipa GSM kazi hiyo mwaka 2019. Kwa Simba, haki hiyo imehama: Vunja Bei mwaka 2021, Sandaland mwaka 2023, kisha Jayrutty mwaka 2025. Kila inapohama, jezi ya zamani hushuka bei na aliyejaza stoo ndiye anayeumia.

Wa tatu ni kiwanda, ambacho mara nyingi hakijulikani na mnunuzi. Hata Nike ya Marekani hutegemea viwanda vya watu wengine. Adidas nayo ilitengenezewa mipira ya Kombe la Dunia la mwaka 2014 na kiwanda cha Forward Sports cha Sialkot, Pakistan, mji ambao pia hutengeneza magongo ya hoki yanayouzwa kwa nembo za kampuni za nje.

Jambo hili si geni katika njia ya zamani ya misafara. Katika karne ya 19, wapagazi walibeba vitambaa vya merikani kutoka pwani hadi Unyanyembe. Viliitwa hivyo kwa kuwa vilifumwa Marekani, hasa Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipovuruga viwanda hivyo, Uingereza na baadaye Bombay, India, zikaingia sokoni. Mfumaji alibadilika, lakini mnunuzi aliendelea kuomba merikani.

Je, mfanyabiashara afanye nini? Kwanza, anunue kwa wakala anayeweza kuonyesha kuwa ametambuliwa na mwenye haki, na adai risiti. Pili, aulize mkataba wa mwenye haki unakwisha lini kabla ya kununua jumla. Mwisho wa msimu achukue kidogo kidogo. Tatu, akague lebo na mshono, asidanganywe na nembo. Tume ya Ushindani (FCC) ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mzigo ukikamatwa, kusema "sikujua" hakurudishi mtaji.

Mkulima naye ana la kujifunza. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa ghafi, na asali ya Tabora inayouzwa kwa ndoo hufungwa upya kwa lebo ya mwingine. Mwenye lebo ndiye anayepanga bei ya dukani. Kikundi cha wafuga nyuki kikiwa na chupa zake, lebo yake na alama ya ubora ya TBS, nacho kitakuwa na sauti katika bei hiyo.