Tunduma isisubiri kidonda

Malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lusaka na Lubumbashi hupita Tunduma, na kabla ya kuvuka mpaka kuingia Nakonde husimama. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa 2019 kilikusudiwa kufupisha kusubiri huko, lakini mji uliojengwa kwa ajili ya wanaosubiri, wenye gesti, baa, mama lishe na maduka ya dawa, uko palepale. Katika mji wa namna hii mtu akiona usaha au kidonda sehemu za siri, mara nyingi kituo chake cha kwanza ni duka la dawa, anapoeleza shida yake kwa sauti ya chini na kuondoka na vidonge. Akienda zahanati atahudumiwa vizuri zaidi, ila mpangilio ni uleule: tabibu husikiliza dalili, kisha hutoa dawa za magonjwa yote yanayoweza kuleta dalili hiyo. Utaratibu huo umeokoa wengi tangu miaka ya 1990, nami siubezi. Hata hivyo unamhudumia yule tu aliyeumwa akaamua kuja. Hoja yangu ni kwamba kwa Tunduma na miji mingine ya barabara kuu mkoani Songwe kusubiri dalili hakutoshi, na ushahidi wa jambo hili umepatikana kwenye ukanda huuhuu.

Mwaka 2000, Songwe ikiwa bado sehemu ya mkoa wa Mbeya, watafiti wa Mbeya wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Munich waliandikisha wanawake 600 wahudumu wa baa katika jamii mbalimbali za mkoa huo. Kwa takriban miaka minne walipimwa kila baada ya miezi mitatu, wakapewa ushauri, kondomu na matibabu. Picha ya mwanzo ilitisha: asilimia 68 walikuwa na VVU, asilimia 87 walikuwa na dalili kwenye damu za kuwahi kuambukizwa virusi vya malengelenge ya sehemu za siri, na zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na kisonono. Huduma ilipoendelea, kisonono kilishuka kutoka asilimia 22 hadi karibu 7, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kutoka takriban 14 hadi 5 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Lazima niseme wazi kuwa hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo haiwezekani kuipa huduma ile sifa yote. Wapo walioacha kazi ya baa, wapo waliohama, na zama zenyewe zilikuwa zinabadilika. Linalobaki imara ni kwamba wanawake ambao wengi hudhani hawafikiki walifikiwa, wakarudi kliniki mara kwa mara kwa miaka, na maabara ikagundua maambukizi ambayo macho yasingeyaona.

Macho hudanganywa kirahisi. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawahisi chochote, huku vimelea vikipanda taratibu kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu yatakayokuja kuitwa ugumba. Kaswende ni mjanja zaidi. Huanza na kidonda kisichouma, ambacho kwa mwanamke kinaweza kujificha ndani asikione kabisa, nacho hupona chenyewe bila dawa. Wiki kadhaa baadaye hutokea upele, na hapa ndipo nawaomba wasomaji watazame kwa makini: ni madoa mekundu au ya kahawia kwenye viganja vya mikono na nyayo, yasiyowasha, mahali ambapo upele wa kawaida hauonekani sana. Mgonjwa hupaka dawa ya fangasi au huambiwa ana mzio. Upele nao huisha, dawa ya kupaka hupewa sifa isiyo yake, na ugonjwa hujichimbia mwilini kwa miaka. Ndiyo maana fani ya ngozi na fani ya magonjwa ya ngono hufundishwa pamoja, kama inavyofanyika katika kituo cha mafunzo cha KCMC Moshi kilichoanzishwa 1992. Anayejua kusoma ngozi hukamata kaswende ambayo wengine wameipita. Lakini hata yeye humkamata aliyefika akiwa na upele. Mjamzito mwenye kaswende iliyonyamaza hana cha kumwonyesha. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa 2002 ulikuta kwamba miongoni mwa wajawazito ambao hawakupimwa, karibu nusu ya vifo vya watoto tumboni vilitokana na kaswende. Kipimo chake ni tone la damu ya kidole kwenye kikaratasi, jibu ndani ya dakika ishirini hivi, na tiba ya hatua za awali ni penisilini ya sindano ya siku moja.

Wanaopinga wana hoja nzito, na ya kwanza inatoka Uganda. Mwanza ilionyesha 1995 kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40, lakini Rakai huko Uganda, ambako watu waligawiwa dawa nyumba kwa nyumba iwe wana dalili au hawana, matokeo ya 1999 hayakuonyesha punguzo lolote la VVU. Je, huu si ushahidi kwamba kuwafuata wasioumwa ni kupoteza fedha? Sidhani. Rakai dawa zilitolewa kila baada ya miezi kumi, muda unaomtosha mtu kupona na kuambukizwa upya mara kadhaa. Pia VVU vilikuwa vimeenea mno huko, karibu asilimia 16 ya watu wazima wakati Mwanza ilikuwa na 4, na vidonda vingi vilitokana na malengelenge, ambayo dawa zile haziyatibu. Somo ninaloliona ni kwamba kugawa dawa kwa kila mtu mara moja moja hakufanyi kazi ya huduma iliyopo kila siku. Ninachotetea ni kupima mara kwa mara pale maambukizi yanapozunguka kwa kasi, na kumtibu aliyekutwa nayo. Hapo hata hofu ya usugu wa dawa hupungua, maana kutibu kwa dalili peke yake huwapa antibiotiki wanawake wengi ambao utoko wao hautokani na ugonjwa wa ngono.

Wengine husema dawa za kufubaza VVU zimeshamaliza tatizo. Zimeokoa maisha, na vidonge vya kinga vinazuia VVU, lakini havizuii kaswende wala kisonono. Gharama nayo ni kweli: vipimo vya vinasaba ni ghali, ingawa mashine za aina inayotumika kupima kifua kikuu nchini zinaweza pia kupima kisonono na klamidia. Hoja inayonigusa zaidi ni ya unyanyapaa, kwamba kliniki ya wahudumu wa baa itawapiga muhuri wanawake hao. Ni kweli, kama itakuwa yao peke yao. Aliyewaambukiza yuko kwenye foleni ya malori, au ni mfanyabiashara wa Vwawa, au ni mume nyumbani. Huduma ifunguliwe jioni, karibu na maegesho, kwa kila apitaye, na kadi ya kumwita mwenza ipokelewe Nakonde kama inavyopokelewa Tunduma, kwa sababu mwenza asiyetibiwa huurudisha ugonjwa ndani ya wiki chache.

Wanaopanga bajeti ya afya mkoani Songwe waanze na kilicho rahisi kuliko vyote, kipimo cha kaswende, wahakikishe hakikosekani kituoni hata siku moja pamoja na penisilini yake. Na wewe msomaji, mkeo akianza kliniki ya wajawazito usimwache aende peke yake: nenda naye, mpimwe wote wawili siku hiyohiyo, hata kama hakuna anayeumwa.