Benchi Huozea Miguuni

Lilikuwa benchi la mninga la kuwekwa bustanini, limekamilika kila kitu, ila limesimamishwa ndani ya makopo manne ya rangi. Kando ya barabara ile ya Keko, Dar es Salaam, penye vitanda na makabati yanayong'aa vanishi mpaka unajiona uso, hilo peke yake halikuwa na mng'ao wowote. Nikashindwa kulipita.

Kila kopo lina mafuta ya kitani, yale ambayo mafundi huyaita linsidi, kina cha vidole viwili. Ndani ya kopo fundi amekwaruza alama kwa msumari pale mafuta yalipofikia jioni alipoyamimina. Asubuhi alama imebaki juu na mafuta yameshuka, na mguu umekuwa mweusi hadi juu kidogo ya alama yenyewe. Hakuna kilichomwagika, benchi limeyanywa. Anaongeza mengine, anafunika makopo kwa gazeti vumbi lisiingie, anarudi kwenye randa yake. Siku mafuta yatakapoacha kushuka, ndipo atakapolitoa.

"Mteja akija anapapasa kiti, anapapasa mgongo," ananiambia. "Sijamwona aliyelipindua benchi akatazama nyayo. Na maji yanaingilia huko huko."

Ana hoja. Vile vishipa vilivyopandisha maji kutoka mzizini mti ulipokuwa hai bado vimo ndani ya mbao, vimelala kwa urefu wake. Ubavu wa mbao hunyonya polepole, ilhali ncha iliyokatwa hunyonya kama mrija. Ukungu unaoozesha hauwezi kufanya kazi kwenye mbao yenye unyevu chini ya takriban asilimia 20, lakini mguu uliosimama kwenye nyasi mbichi masika nzima hauko chini ya hapo. Tunapaka juu, kunakoonekana. Kuoza kunaanzia chini.

Vanishi ya ndani anaikataa kabisa kwa samani za nje, hata mteja akiing'ang'ania. "Jua linaikausha, inapasuka nyufa ambazo huzioni. Maji yanapita, halafu hayana pa kutokea. Ukiona madoa meusi chini ya vanishi, ujue pameshaharibika. Mafuta hayabanduki. Yakiisha unapaka tena, basi."

Kupaka tena maana yake kila mwaka, na wakati mzuri kwa Dar ni Juni au Julai, masika imekwisha na kusi imekausha mbao. Benchi kuukuu hulisugua kwa brashi na maji ya sabuni, likakaa kivulini hadi likauke kabisa, kisha msasa namba 80 na baadaye 120, kufuata nyuzi. Ule ukijivu unaowafanya watu wadhani mbao imekufa ni ngozi tu. Jua limevunja kinachoshikanisha nyuzi na mvua imekiosha. Nilimwona akisugua sehemu ndogo ya mkono wa kiti kilicholetwa kutupwa. Wekundu wa mninga ukatoka, na harufu yake pia.

Jambo moja alilirudia kwa msisitizo. Matambara yaliyofuta mafuta haya yasirundikwe pembeni. Yanapokauka hujipasha joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yeye huyatandaza moja moja, au huyatumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Na wenye vibanda vya bustani vya paini iliyotiwa dawa? Kosa ni lile lile. Dawa haifiki katikati ya mbao kila mara, hivyo ukikata nguzo umefungua ncha isiyo na kinga. Ipake dawa kabla ya kuisimamisha, wala vipande vilivyobaki usivipikie. Mara nyingi dawa hiyo ya kijani ina aseniki.

Nilipomuuliza kuhusu oili chafu, ile ya gereji, alikaa kimya kidogo. Ni nafuu, mchwa hawaipendi, na mtaani ndiyo dawa ya kila nguzo. Lakini inachafua nguo, na mvua inaishusha kwenye udongo ambao watoto wanauchezea. Yeye mwenyewe aliitumia kwa muda mrefu, na hawalaumu wanaoitumia.

Sasa ana kazi ya mabenchi ya zahanati moja, ya kukalia kina mama wanaosubiri nje. Wamemletea mbao na fedha ya ufundi, ya mafuta hawana. "Niyapake oili chafu, mama akae na mtoto mchanga pale? Nisipopaka, mwakani wananiletea kuni."

Kwa sasa amewaambia waweke tofali chini ya kila mguu, na juu ya tofali kipande cha tairi kuukuu, maji yasipande. Mafuta anaendelea kuyatafuta.