Kutoka Boyoma hadi Zanzibar: kutembelea mji uliojengwa na pembe za msitu wetu

Mtu akitaja Zanzibar, vijana wa Kisangani wanafikiri bahari ya buluu, mchanga mweupe na wazungu wanaolala juani. «Kule iko kwa watalii wenye feza, si kwa sisi.» Ni kweli, feza inahitajika. Lakini kuna jambo ambalo watoto wetu wengi hawajaambiwa. Katika mji ule kuna nyumba ya mtu aliyekuwa mkubwa wa serikali hapa kwetu Boyoma. Jina lake Hamed bin Muhammed el Murjebi, bakubwa wetu walimwita Tippu Tip. Mwaka 1887 mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimweka kuwa wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Alirudi Zanzibar akiwa tajiri, akafia kule mwaka 1905.

Basi mtu wa Kisangani akienda kutembea Zanzibar, haendi kwa wageni kabisa. Anakwenda mahali ambapo mali ya msitu wake ilifikia, na watu wa kwao pia.

Njia ya kwenda

Zamani safari ilikuwa miezi na miezi. Mtu alipanda mto Lualaba hadi Nyangwe na Kasongo katika Maniema, akaenda kwa miguu mpaka ziwa Tanganyika, akavuka mpaka Ujiji, akapita Tabora, mwisho Bagamoyo mbele ya bahari. Leo wenye feza wanapanda ndege. Wa barabara wanatoka Kisangani kwa Bunia na Uganda, wanateseka na matope, lakini wanafika. Ndugu zetu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wana bahati kuliko sisi: wakivuka Kasumbalesa wako tayari Zambia, na barabara inawapeleka moja kwa moja mpaka Dar es Salaam. Toka Dar, masua ya mwendo wa mbio inafika Zanzibar kwa saa 2 hivi. Pasipoti na karata ya chanjo ya homa ya manjano ziwe mkononi. Juu ya visa, ulizeni kwanza kwa ubalozi wa Tanzania, musisikilize maneno ya watu wa bandarini.

Mji wenyewe

Sehemu ya zamani inaitwa Mji Mkongwe. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya bahari na chokaa, na vichochoro vyake ni vyembamba sana: mukiwa wawili mukakutana na mtu mwenye kinga, mmoja wenu arudi nyuma. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika mji huo kuwa urithi wa dunia. Utaona Ngome Kongwe, iliyojengwa kisha Wareno kufukuzwa mwaka 1698. Karibu yake ni Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu ya Sultani Barghash ya mwaka 1883. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo uliza kama wanaingiza watu. Jioni nenda Forodhani mbele ya bahari, kula samaki na unywe maji ya muwa. Mtoto wa Wagenia atapima samaki wao kwa macho na kusema wa kwetu ni wakubwa zaidi. Tumwache aseme.

Kinachofurahisha kila mgeni ni milango. Mbao nzito, zimechongwa maua na minyororo, na misumari mikubwa ya shaba. Mlango mmoja wa namna hii, upande wa Shangani, ni wa nyumba ya Tippu Tip. Usitazamie makumbusho makubwa. Ni mlango, na kuta za zamani. Lakini mtu wa Boyoma asimame hapo kidogo na kuuliza: feza ya mlango huu ilitoka wapi?

Ilitoka kwa tembo wa msitu wetu. Tippu Tip alikopa mali kwa matajiri Wahindi wa Zanzibar, mmoja wao Taria Topan, akaleta bunduki na vitambaa, akarudisha pembe. Pembe zilitoka Zanzibar kwenda Bombay, London na Marekani. Katika jimbo la Connecticut viwanda vilizikata kutengeneza vidole vya piano, na mji mmoja kule mpaka leo unaitwa Ivoryton, kusema mji wa pembe. Wabebaji wengi wa pembe hizo waliuzwa pia. Wasomaji wetu wa sehemu za madini hawahitaji maelezo mingi. Wanajua namna kitu kinavyotoka shimoni kwao na nyumba nzuri inavyosimama mahali pengine.

Kanisa la Mkunazini

Mahali pa pili pa kufika, kwa familia za kanisa hasa, ni Mkunazini. Hapo palikuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mapatano ya kulifunga. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule waliweka jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana juu ya kiwanja hicho. Askofu Edward Steere alisimamia kazi. Ni yeye pia aliyeandika kitabu cha kufundisha Kiswahili na kutafsiri Maandiko, na amezikwa nyuma ya altare. Wanasema altare iko mahali pa mti ambapo watu walipigwa fimbo. Karibu yake kuna msalaba wa mti wa Chitambo, kule moyo wa Livingstone ulizikwa.

Nje kuna shimo lenye watu watano wa mawe, minyororo shingoni. Ni kazi ya mwanamke wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Mbele ya shimo hilo watu wanaacha kucheka wenyewe. Viongozi wa watalii watakushusha pia katika vyumba viwili vya chini na kukuambia watumwa walifungwa humo. Baadhi ya wanahistoria wanasema vyumba hivyo vilijengwa kisha soko kufungwa. Usione haya kuuliza kiongozi wako juu ya hilo. Mateso yalikuwa ya kweli, hayahitaji kuongezewa.

Tena usidanganywe na mwaka ule 1873. Soko la kisiwani lilifungwa, lakini kwetu huku njo mambo yalikuwa yanaanza. Mwaka 1883 Stanley, akipanda mto kuja kwenye maporomoko, alikuta kambi ya mateka wapatao 2,300, wengi wao wanawake na watoto. Vijiji vya kando ya mto vilikuwa majivu. Zanzibar yenyewe iliondoa utumwa katika sheria zake mwaka 1897 tu.

Nani alifanya haya?

Kijana akitoka katika shimo lile moyo wake unawaka. Mara nyingi neno lake la kwanza ni: «Waarabu!» Wazazi, hapa muwe karibu naye. Tippu Tip mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika kutoka upande wa bibi zake. Wabebaji wake wengi walikuwa Wanyamwezi, na waliobeba bunduki zake kwetu wengi walikuwa vijana wa Maniema. Wako wakubwa wa vijiji waliouza watu. Aliyemlipa mshahara wa wali alikuwa mfalme Mkristo wa Ulaya. Na serikali ya mfalme huyo ilipowashinda Waarabu katika vita vya 1892 hadi 1894, watu wa mto hawakupumzika: pembe ziliendelea kutakiwa, na mpira juu yake, kwa shikoti.

Ninasema haya juu wajukuu wa Wangwana, tunaowaita waarabisé, ni majirani zetu hapa Kisangani, Ubundu na Isangi. Watoto wao wanakaa benchi moja na wetu. Mtoto akiitwa «muuza watu» katika kiwanja cha shule, hajui hata anatukanwa kwa sababu gani. Na Kiswahili anachotukanwa nacho kilikuja kwa njia ile ile ya pembe. Kule Forodhani watu watacheka kidogo wakikusikia unasema «iko», kisha watakuuliza ulijifunza wapi. Waambie.

Kwa wale wasio na uwezo wa kufika Zanzibar, mwanzo wa njia uko hapa hapa. Mpeleke mtoto kwa Wagenia, aone mitego ya miti juu ya maji. Walikuwa wakivua hapo Stanley alipopita mwaka 1877. Kisha mvuke Lubunga, mkaone reli ya Ubundu. Ilifunguliwa mwaka 1906, kilometa kama 125, kwa kuzunguka maporomoko saba. Kabla yake, mzigo wowote uliozunguka maporomoko hayo kwa nchi kavu ulibebwa na watu.