Dengu Moja, Mikono Mitatu

Nyoosheni mkono wa kushoto, wajukuu, kiganja kitazame juu. Hapo chini ya kiwiko, palipo laini pasipo na malaika, ndipo muuguzi hudunga kipimo cha ngozi cha kifua kikuu. Dawa yenyewe ni tone tu, sehemu moja ya kumi ya mililita. Haiingii nyamani. Inabaki ndani ya ngozi, na papo hapo kinainuka kijipele cheupe kama cha kuumwa na mbu. Hicho msikijali, kitanywea chenyewe. Hadithi iko kati ya saa 48 na 72.

Dawa hiyo inaitwa tuberkulini. Haina kijidudu hai ndani yake. Ni protini zilizotolewa kwa vijidudu vya TB. Mjerumani Robert Koch, aliyekigundua kijidudu hicho mwaka 1882, aliitangaza mwaka 1890 akidhani ameleta tiba. Haikutibu. Mfaransa Charles Mantoux ndiye aliyeonyesha, mwaka 1908, namna ya kuidunga ndani ya ngozi ili ipimie. Askari wa mwili waliokwisha kukutana na TB hawaisahau. Wakiinusa tu wanajazana pale mkononi, na ngozi inakuwa ngumu.

Ngumu, nimesema, si nyekundu. Hapo wengi huteleza. Muuguzi mzoefu huchukua kalamu ya wino akaiburuta polepole kuelekea kwenye uvimbe. Kalamu inateleza, inateleza, inafika ukingoni inagoma. Anaacha alama. Anarudia kutoka upande wa pili, kisha analaza rula kukata mkono, si kufuata urefu wake, na kuandika milimita. Wekundu hata ukienea kama kisosi hauandikwi.

Sasa tuseme kwenye benchi la zahanati moja huko Geita wamekaa watu watatu, na kila mmoja ana uvimbe wa milimita 8, kama punje ya dengu tunazolima Shinyanga. Wa kwanza ni mtoto wa miaka mitatu ambaye baba yake amekutwa na TB ya mapafu. Kwa anayelala nyumba moja na mgonjwa, milimita 5 zinatosha. Huyo anahesabiwa kuwa ameambukizwa. Wa pili ni mama anayeishi na VVU. Askari wake wamechoka, hawawezi kuinua uvimbe mkubwa, kwa hiyo kipimo chake nacho ni 5. Naye anahesabiwa.

Wa tatu ni kijana wa karasha kutoka Rwamgasa. Tangu asubuhi anasaga mawe ya dhahabu, kope zake nyeupe kwa vumbi. Vumbi hilo lina silika, nayo huchakaza mapafu, na TB hupenda mapafu yaliyochakaa. Hata hivyo kwake ni mpaka 10. Dengu ileile, yeye hajafika! Lakini akitamka kwamba mwenzake wanayelala naye gheto ameanzishwa dawa za TB, kipimo kinashuka hadi 5 palepale. Kwa hiyo muuguzi makini huuliza maswali kabla ya kushika rula. Huko Marekani mtu asiye na hatari yoyote huhesabiwa akifika 15.

Mimi lakini anayenitia hofu ni mwenye sifuri. Mtoto aliyedhoofu kwa utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, mkono wake unaweza kukaa kimya na TB imo. Hata aliyeambukizwa wiki tatu zilizopita anaweza kuonekana hana kitu, kwa sababu mwili huchukua wiki mbili hadi nane kuanza kujibu. Chanjo nayo ina vituko vyake. Lile kovu dogo la BCG begani, mlilopata mkiwa wachanga, linaweza kumvimbisha mtoto mdogo bila TB yoyote, ingawa nguvu hiyo hufifia kadiri anavyokua.

Tena uvimbe hausemi mtu anaumwa. Unasema kijidudu kimewahi kuingia, na kwa wengi kimelala tu. Kama kimeamka, hilo hutafutwa kwa makohozi na picha ya kifua. Kama bado kimelala, ipo dawa ya kinga.

Nchi yetu iliwahi kusoma mikono ya maelfu ya watoto wa shule, kwa awamu tatu kati ya 1983 na 1998. UKIMWI ulikuwa ukiongeza wagonjwa wa TB, ikahofiwa kwamba watoto nao wangeambukizwa kwa wingi zaidi. Rula zikaonyesha kwamba maambukizi kwa watoto hayakupanda.

Basi ukidungwa Jumatatu, rudi Jumatano au Alhamisi. Ukija Jumamosi na ngozi imetulia, unadungwa tena.