Kazi ya Kugawa Fedha Zisizo Zako

Nimeombwa nieleze kazi niliyoifanya kwa miaka sita hapa Tanga, katika mfuko mdogo unaotoa ruzuku kwa vikundi na shule. Wengi hudhani kutoa fedha ni kazi nyepesi kuliko kuzitafuta. Nami nilidhani hivyo siku ya kwanza.

Kwanza tufahamu fedha hizo zinatoka wapi. Ipo mifuko yenye mtaji usioguswa, ikatolewa faida yake tu. Ninyi mnaosoma habari za wakfu hamtaona ugeni hapo: nyumba hubaki, kodi yake ndiyo huenda msikitini au kwa mayatima. Huko Marekani sheria huzitaka taasisi binafsi za namna hii zitoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya rasilimali zao, ili mali isilale. Mfuko wetu sisi ulikuwa wa michango, kwa hiyo kila Januari tulianza na sanduku karibu tupu.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja. Tulikuwa watatu: mratibu, mhasibu wa nusu siku, na mimi niliyesoma maombi, kwenda kukagua, kuandika barua na kuchemsha chai. Uamuzi ulikuwa wa wadhamini, waliokutana mara mbili kwa mwaka. Lakini msidanganyike, anayewaandalia karatasi ana nguvu kubwa, kwa kuwa wao humwona mwombaji kwa macho yake.

Sehemu kubwa ya kazi ni kukataa. Fedha zikitosha maombi matano na yaliyoletwa ni arobaini, basi wale thelathini na tano mtakutana nao sokoni. Wako waliokuwa wakiniamkia kwa heshima nisiyostahili kabla ya kikao, na baada ya kikao hawanioni. Mtoto wa mama yangu mdogo aliwahi kuleta ombi la kikundi chake. Niliandika kwamba ni ndugu yangu, nikatoka nje lilipojadiliwa. Likakataliwa. Mama mdogo hakunisemesha mpaka Idi.

Sasa niwaeleze kosa langu. Shule moja ya kijijini iliomba tangi la lita 5,000, msingi wa saruji na gata za kukinga maji ya paa. Bajeti ilizidi kidogo kiwango chetu, nami nikapendekeza gata ziondolewe, nikiamini wazazi watachanga wenyewe. Ombi likapita. Taarifa yao ilikuja safi: stakabadhi zote zimo, na picha ya watoto wamesimama mbele ya tangi jipya. Nikaifunga faili.

Baada ya masika nilipita kijijini kwa shughuli nyingine. Nikaligonga tangi, likalia tupu. Nikamwamkia mwenyekiti wa kamati, "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mvua imenyesha, tangi lipo. Maji yapite wapi?"

Hesabu yake ni rahisi, ninyi mnaiweza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 hutoa lita 1,000, ukiacha kidogo kinachopotea. Mvua tano au sita za namna hiyo zingelijaza tangi. Masika nzima watoto walikuwa wakibeba madumu kutoka majumbani, na kwenye karatasi zetu shule ile ilikuwa na maji.

Niliwaandikia wadhamini kama ilivyokuwa, na kwamba pendekezo lilikuwa langu. Hawakunigombeza, jambo lililoniumiza zaidi. Gata zilifungwa kabla ya vuli. Fedha zake zilitoka katika fungu lililokuwa litolewe kwa akina mama wa kikundi cha ushonaji, na barua ya kuwaarifu wasubiri mwaka mwingine niliiandika mimi.